Bikoni ya Nne

Fundi Gervas aliufungua mfuniko wa pipa kwa teke, na mchwachuma elfu themanini wakamwagika uani kwa Elipendo Msangi kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje, mweusi, mwenye meno yanayokata chuma. Walianza na jokofu bovu lililosimama kando ya bomba tangu mwaka juzi. Jokofu liliinama, likakatika katikati, likaisha. Wakahamia kwenye mashine ya kufulia isiyokamua, jiko la umeme lililoungua, banda la kuku. Dakika sita tu, na ukuta wa chumba kipya ulikuwa umeshafika magotini.

"Mama, wanatema!" alisema Namsifu, binti yake wa miaka kumi na mitano. "Chumba changu kinajengwa kwa mate!"

"Ukishalala humo bila babu yako kukukoromea sikioni, utayasifu hayo mate."

Miaka hiyo Morogoro hawakuchoma tofali tena. Mtu aliyetaka kuongeza chumba aliliita pipa. Mchwachuma walikula kila kilichokuwa ndani ya kiwanja, kuanzia katikati kwenda mipakani, wakakisaga na kukitema kuwa ukuta usioingiza maji wala kuvunjika kwa nyundo. Hawakuwa na macho. Walijua kitu kimoja tu: bikoni nne za kiwanja, vile vigingi vya mpaka vilivyotoa mlio ambao mchwachuma peke yao waliusikia. Kilichokuwa ndani ya bikoni kilikuwa chakula. Nyumba yenyewe ilipona kwa sababu Gervas aliizungushia utepe wa kuwafukuza. Watu walitakiwa kusimama barabarani.

Asubuhi ile Gervas, fundi mnene wa miaka hamsini, alikuwa ameuliza mara mbili.

"Mama Namsifu, bikoni tatu nimeziona. Ya nne inaita kutoka ndani ya michongoma. Ni yako?"

"Ni yangu."

"Una uhakika? Hawa wadudu hawana aibu. Wakishaanza siwezi kuwasimamisha. Wakisimama na udongo mdomoni wanaganda, wanakufa, kwa hiyo kampuni imeondoa kitufe cha kuwazima. Hawaachi mpaka wamalize, au mpaka wa kiwanja uvunjike."

"Fundi, nimesubiri zamu hii miaka miwili. Watoto watatu na mzee katika chumba kimoja. Nimesema ni yangu. Fungua pipa."

Haikuwa yake. Miaka minne nyuma jirani yake Mwajuma alifiwa na mume, na familia nzima ikasafiri kwenda Handeni kuzika. Kabla ya kupanda gari, Mwajuma alimpa Elipendo ufunguo. "Tuangalizie nyumba, mwenzangu." Elipendo aliwapungia mkono. Kisha alichukua mtaimbo, akavunja zege kwa siku mbili, akang'oa bikoni ya kona ya kaskazini, akaisogeza mita moja na nusu upande wa jirani, akaificha ndani ya michongoma. Kipande alichojiongezea kilikuwa na nyasi tu. Aliona hadhulumu mtu, anachukua nyasi.

Mwaka uliofuata Mwajuma alijenga jiko lake hapo, sambamba na uzio. Elipendo alitazama mafundi wakipanga tofali kuukuu na hakusema neno.

Leo alikuwa amepiga hesabu yake. Mwajuma ametoka na kikapu saa mbili kwenda sokoni. Jiko litakuwa tupu. Utaliwa ukuta mmoja, patakuwa na kelele, watalaumu mashine, naye atachangia ukuta mpya. Basi.

Mchwachuma walifika kwenye michongoma saa nne na robo. Miiba ililiwa kwa mlio wa karatasi inayochanika. Kisha ukuta wa jiko la Mwajuma ukaanza kupungua kutoka chini.

"Fundi," Namsifu aliita, "mbona wanaenda kule?"

Ukelele ukatoka ndani.

Mwajuma alikuwa amerudi kwa mlango wa mbele. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo ukiwa umeegemea ukuta uleule. Ukuta ulimwangukia, boriti ya dari ikambana goti la kulia, sufuria ya mafuta ya moto ikampitia begani. Halafu wale weusi wakaingia. Waliila mbuzi, wakala kifuu mkononi mwake, wakapanda kwenye unyayo wake.

Mwanawe Jabiri, mwanamume wa miaka thelathini, alitoka chumbani na panga. Alipasua sakafu, akawakata kumi, ishirini, wakaja mia. Alitupa panga akamshika mama yake makwapani, akavuta. Boriti haikumwachia. Mguu uliokuwa chini ya goti ulikuwa unafupika mbele ya macho yake, na tope jekundu lilirudi uani kwa msafara mdomoni mwa mchwachuma, likatemwa juu ya ukuta wa chumba kipya.

"Wazime!" Jabiri alipaza sauti. "Wazime au nakuja kukuchinja!"

"Hawazimiki!" Gervas alikuwa analia. "Ng'oeni bikoni! Bikoni yoyote! Mpaka ukivunjika wanakufa!"

Majirani wanne waliokuja kwa ukelele waliikimbilia iliyokuwa karibu na barabara. Waliivuta, wakaipiga mateke, mmoja akakatika kucha mbili. Bikoni ya serikali ilikuwa imezama kwenye zege la mita nzima. Haikutikisika.

Elipendo alijua ipi ingetoka.

Alikimbia kukatiza uani, juu ya mchwachuma wenyewe. Ndala zake zilikwisha hatua ya tatu. Alihisi nyayo zinakwanguliwa kama kwa kisu cha kupara samaki, akaanguka, akatambaa. Bikoni ya nne ilisimama wazi sasa, michongoma yote imeliwa. Aliishika kwa mkono wa kulia. Wakaupanda mkono. Kidole cha mwisho kiliondoka, kikafuata cha pili, kisha cha tatu. Alivuta kwa kelele ambayo Namsifu hataisahau, na bikoni ikatoka ardhini kama muhogo.

Kimya. Mchwachuma elfu themanini waliganda pale walipokuwa.

Majirani walimtazama Elipendo akiwa chini, damu ikimwagika, ameshika kigingi kisicho na zege. Wote walikuwa wamejenga, wote walijua bikoni ya serikali haing'oki kwa mikono.

"Mama Namsifu," Jabiri alisema polepole kutoka kwenye jiko lililobaki bila ukuta, "ulijuaje kuwa hiyo inatoka?"

Siku ya tisa Elipendo aliingia wodini, mkono wa kulia umefungwa, vidole vitatu havipo. Mwajuma alilala ametazama dari. Shuka lilikuwa bapa kuanzia chini ya goti.

"Dada Mwajuma."

"Ile siku ya msiba," Mwajuma alisema bila kugeuka, "ulianza tukiwa bado tunapakia mizigo, au ulisubiri tupite kona?"

"Nilisubiri mpite kona."

"Ulituonea haya, basi." Alilivuta shuka hadi kifuani. "Jabiri anataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimemzuia. Nenda wewe, ukaseme kwa mdomo wako. Na ufunguo wangu umekuja nao?"

Ulikuwa umetundikwa msumarini jikoni kwa Elipendo miaka minne. Sasa aliutoa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akauweka kitandani. Mwajuma aliufunika kwa kiganja.

Elipendo alipitia kwa mwenyekiti, akasema yote, akatia dole gumba la kushoto. Nyumbani, chumba kilikuwa kimekomea kiunoni. Tofauti ilionekana hata kwa mbali: kijivu, kijivu, kisha mstari mpana wa hudhurungi upande wa kaskazini, pale lilipokaukia lile tope jekundu.

"Kampuni imepiga simu," Namsifu alisema. "Wanauliza lini waje wamalizie."

"Hawaji."

Alichukua mtaimbo ule ule, akaukumbatia kwa mkono mzima na kile kilichobaki cha mwingine, akaupiga ule mstari. Mtaimbo uliruka. Ukuta haukupata hata alama.

"Mama, hauvunjiki. Fundi alisema kinachoweza kuula ni wale wadudu tu."

"Nilimsikia," Elipendo alisema, akainua tena.