Picha Tisa za Mlango Uliofungwa

Jumatatu, saa moja u nusu asubuhi, karani Wanja aliwasha kompyuta ya ofisi ya kutetea vibarua, Mukuru kwa Reuben, akakuta picha tisa hazipo. Zilionyesha mlango wa bohari, Industrial Area, umefungwa kufuli kwa nje huku moto ukiwaka ndani. Kibarua Mutie alifia humo. Saa tatu mjane wake, Kavinya, alitakiwa kortini katika kesi dhidi ya kampuni ya bohari, na hakuwa na ushahidi mwingine.

Zilibaki tano, picha10 hadi picha14: Mutie akiwa hai, nyumbani Tassia.

Wengine waliojua nenosiri ni wawili: Sydney, fundi wa kompyuta, na Makau, kakake Mutie, msimamizi wa bohari ile ile, ambaye Wanja alimfundisha kompyuta hapo.

Kompyuta ilionyesha kuwa iliwashwa mara ya mwisho Jumamosi saa tisa, basi Wanja akampigia fundi simu. "Sydney, Jumamosi saa tisa ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nachaji simu. Lakini usinibebeshe msalaba, Wanja. Ningetaka kufuta ningeweka alama ya nyota, zote ziende."

Wanja akafungua kumbukumbu ya amri zilizoandikwa kwenye kompyuta. Mistari mitatu ya Jumamosi:

ls picha*
ls picha?
rm picha?

Akaunda faili tupu kumi na nne, akajaribu. ls huorodhesha tu. Amri ya rm hufuta kabisa. Nyota ilizitaja zote. Alama ya kuuliza, inayoshika herufi au tarakimu moja pekee, ilizitaja tisa za kwanza. Basi mfutaji aliona nyota itamaliza zote, akarudi nyuma, akaziacha za Mutie akiwa hai. Nani angemhurumia Mutie kiasi hicho?

Saa mbili Makau aliingia na Kavinya.

"Makau, mimi ndiye niliyekufundisha ujaribu kwa ls kwanza," Wanja akasema. "Kwa nini uliziacha hizi tano?"

Makau alielekeza kidole kwenye skrini. "Mama hana picha nyingine za Mutie."

Kavinya akaketi. "Na mlango?"

"Nilifunga mimi, shem. Vibarua hufungiwa hadi saa ya kutoka, wasibebe mali. Moto uliposhika nilienda kwanza kumuuliza mdosi, mwenye bohari, kama nifungue. Picha ya sita, ukiikuza, ilinionyesha kwa mbali nimesimama na ufunguo."

"Sema hivyo kortini."

"Siwezi. Nitafungwa."

Mali hulindwa kwa kufuli. Mtu huachiwa Mungu.

Kortini Wanja alieleza yote. Wakili wa kampuni akayaita porojo. Makau akashika Biblia, akaapa kwamba mlango ulikuwa wazi, na kufikia saa tano kesi ilikuwa imetupwa.

Nje, mama mkwe, aliyewasubiri huko bila kusikia kesi, alimshika Kavinya mkono, akamtazama Makau. "Afadhali Mungu ameniachia huyu mmoja."

"Ndiyo, mama," Kavinya akasema.