Kivuli cha Shamba la Hyasinti

Bisha. Bisha tu, halafu nenda ukalale Chiwanda.

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini hapa Mbinga wenye digrii zao wananiita injinia. Ramani zao utafikiri karatasi za kufungia maandazi. Mimi kila shamba nalichora poligoni, umbo la mipaka yake, kwenye kompyuta, nalipa rangi, halafu nalitilia kivuli pembeni. Linainuka. Unatamani ulishike.

Jioni hiyo nilikuwa Chiwanda, kando ya ziwa, kwa shangazi Bonifasia, namalizia ramani ya kijiji. Lilibaki shamba la marehemu Hyasinti, mchawi aliyekataza lisipimwe hata akifa. Majirani waligoma kutembea nami mpakani. Nikawacheka. Nikalichora nimekaa, kwa picha ya setilaiti.

Nikaweka kivuli.

Vya mashamba mengine vilikuwa vyembamba kama uzi. Cha Hyasinti kilirefuka... kikaifunika nyumba ya mzee Jonas.

Kilio kikapanda kutoka huko huko. Mzee Jonas ameanguka mlangoni, dagaa wake wa usipa wamemwagika. Amekufa.

Nikarudi kwenye kioo cha kompyuta. Kivuli kilikuwa kinatambaa.

Kinakuja kwetu.

Harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa chumbani. Nikakifuta. Kikarudi. Nikafuta shamba zima. Likarudi.

“Baba,” shangazi akaninong'oneza kutoka jikoni, “nani amesimama mbele ya taa?”

Hapakuwa na mtu.

“Miguu siisikii, baba...”

Kitu kimoja tu kilinitii: upande unaotokea mwanga wa ramani, unaoamua kivuli kiangukie wapi. Nikauzungusha. Kivuli kikaiacha nyumba yetu taratibu, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Shangazi akakohoa, akaomba maji.

Yupo mzima mpaka leo. Nani mwingine Mbinga nzima angeweza hivyo? Wazee waliponiuliza kivuli nilikipeleka wapi, niliwajibu: ziwani. Wakanipa mkono.

Na kweli kilielekea ziwani.

Ila hili sijamwambia mtu. Kabla ya ziwa pana nyumba ya Mwanahawa, mwenye duka. Niliiona kwenye kioo. Yeye mwenyewe nilikuwa namsikia kupitia dirishani, anafunga duka awahi msibani, anapachika mbao za mlango, moja baada ya nyingine.

Sikuacha kuzungusha.

Ubao ukagonga... mwingine ukagonga...

Halafu kimya.