Namba ya Mzee Kalinga

Kitu cha kwanza alichokiona Faustina asubuhi ile ni gunia. Lilikuwa limeanikwa kwenye uzio wa Mama Marta, limefuliwa, na tundu lake la chini limeshonwa kwa uzi wa bluu. Ukungu wa Igowole ulikuwa haujainuka bado, kwa hiyo gunia lilizidi kulowa badala ya kukauka.

"Kamwene, mama," Faustina alisalimu kwa sauti ndogo, ndoo ya maji ikiwa kichwani.

"Kamwene, mwanangu. Unaliangalia gunia langu? Kesho linabeba mbegu hilo!" Marta alicheka. "Mwaka huu na mimi nitaitwa mkulima."

Faustina alitabasamu, akapita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na watu walishazoea kwamba haongei sana.

Kesho yake ilikuwa siku ya kugawa mbegu za viazi zilizoletwa na mradi wa kilimo. Orodha ya watakaopewa ilitoka kwa shangazi yake, Juliana, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili Mbeya. Pale kijijini watu walisema tu, "Juliana anasoma masta ya kompyuta." Alichokuwa akisoma hasa ni namna ya kutengeneza kanzidata, yaani kumbukumbu nyingi zilizopangwa ndani ya kompyuta ili zisipotee wala kugongana. Kwa kazi yake ya mwisho ya masomo, alikuwa akikitengenezea kikundi cha wakulima kanzidata yao.

Kila aliporudi Mbeya alimwachia Faustina daftari la kuandikia wakulima wapya, kwa sababu mwandiko wa Faustina ulikuwa mzuri. Siku alipomkabidhi, alitandaza karatasi tatu sakafuni.

"Hili ni jedwali la watu, hili la mashamba, na hili la magonjwa. Jina la mtu naliandika mara moja tu, hapa. Huku kwingine naandika namba yake. Namba ndiyo inayoyaunganisha."

"Kwa nini usiandike jina tu, shangazi?"

"Kina Kalinga wako wangapi hapa kijijini?"

Faustina alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kucheka.

"Umeona? Basi namba ya mtu hapewi mtu mwingine. Hata mwenyewe akifa, inabaki kuwa yake."

Namba kumi na saba ilikuwa ya Mzee Kalinga, baba yake Marta. Mzee alilima kinyungu, shamba la bondeni lenye maji hata kiangazi. Mwezi wa nne viazi vyake vilishikwa na mnyauko, na bwana shamba akaagiza kinyungu kile kisilimwe. Mwezi wa sita mzee akafariki. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walimkalisha Marta kwenye kigoda cha baba yake, wakamshikisha jembe lake. Mmoja wao akasema mbele ya watu wote, "Mkimtafuta Kalinga, Kalinga ni huyu."

Faustina alikuwepo, na maneno yale yalimkaa moyoni. Kwa hiyo mwezi wa tisa, Marta alipokuja kujiandikisha kwa ajili ya shamba jipya alilolifungua mwenyewe kule mlimani, Faustina hakumpa namba mpya. Alifuta jina la mzee kwenye mstari wa kumi na saba, akaandika Marta Kalinga na tarehe ya siku ile. Aliona amempa heshima yake. Juliana aliporudi, Faustina alimsomea daftari naye akachapa. Walipofika kumi na saba, Juliana aliyekuwa amechoka na safari akadhani jina limesahihishwa tu. Akalibadilisha pamoja na tarehe, wakaendelea.

Siku ya mbegu ilifika. Juliana alikuwa Mbeya, akiwasilisha kazi yake kwa walimu, lakini orodha aliituma. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Silvester, alisoma majina mbele ya ofisi ya kijiji. Faustina alikaa mezani na kalamu, akiweka alama.

Majina yalikwisha. Marta bado alikuwa amesimama na gunia lake.

"Mwenyekiti, mimi hujanisoma."

Mzee Silvester alirudia karatasi. "Marta Kalinga, namba kumi na saba. Hapa wamekuweka kwa wasiopewa. Shamba lako lina mnyauko."

"Langu? Langu liko mlimani, halijaota hata kiazi kimoja! Lenye ugonjwa ni la marehemu baba."

"Kila mtu angesema hivyo, mama. Tulikubaliana wote: mwenye shamba linaloumwa hapewi mbegu, asije akatuambukiza."

"Marta, kompyuta imekukataa!" Sifaeli, jirani yake mtani, alipaza sauti. "Iamkie kwa Kiswahili, labda haijui Kihehe!"

Watu wakacheka. Marta naye alijaribu kucheka, akashindwa.

Faustina aliweka kalamu chini. Alielewa palepale. Simu ya Mzee Silvester ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Kumpigia shangazi ingechukua dakika moja. Alifungua mdomo. Akaona nyuso zote zile, akafikiri jinsi watakavyomgeukia na kusema kumbe mtoto huyu ndiye aliyeharibu. Akaufunga.

Marta alilikunja gunia mara mbili, akaliweka kwapani, akaondoka. Mbegu zilizobaki zilipakiwa kwenye gari zikapelekwa kijiji kingine.

Mvua zilianza juma lile. Kila asubuhi Faustina aliwaona watu wakipanda, na mlimani matuta ya Marta yakiwa tayari, matupu. Alianza kupita njia ya nyuma anapokwenda bombani.

Juliana alirudi baada ya wiki mbili, akiwa amenyong'onyea. Aliweka kompyuta mezani bila hata kuvua koti.

"Mwalimu wangu amenirudishia kazi yote," alimwambia mama yake, bibi yake Faustina, jikoni. "Ameniuliza inakuwaje mtu aliyejiandikisha mwezi wa tisa awe na shamba lililougua mwezi wa nne. Labda nimekosea kuyaunganisha majedwali, mama. Itabidi nibomoe vyote nianze upya, na muda sina."

Faustina alikuwa akimenya viazi. Kisu kilimteleza.

"Shangazi, usibomoe," alisema. "Ni kumi na saba."

Akaeleza: kigoda, jembe, jina alilolifuta. Alisema ameligundua kosa sasa hivi, baada ya kusikia maneno ya mwalimu. Juliana alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta. Kwa muda mfupi Mzee Kalinga akarudishiwa namba yake pamoja na kinyungu chake, na Marta akapewa namba sitini na nne pamoja na shamba lake la mlimani. Hakuna kilichobomolewa.

Jioni ileile walikwenda kwa Mzee Silvester. Mbegu za mradi hazikuwepo tena, kwa hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mwanakikundi akatoa alichobakiwa nacho. Sifaeli alitoa debe zima, bila utani wowote. Hata hivyo gunia lilifika nusu tu, na wiki za kupandia zilizo bora zilikuwa zimepita.

Walipompelekea, Marta alivigusa viazi kimoja kimoja. "Nimechelewa, lakini nitapanda," alisema. "Asanteni."

Juliana alimwomba radhi. "Kosa ni langu pia, dada. Nililiona jina limebadilika, sikuuliza." Kisha akamgeukia Faustina. "Na wewe sikia. Wazee wamempa Marta kigoda na jembe, hivyo vinarithiwa. Rekodi ya mtu hairithiwi. Lakini hilo ni kosa la kujifunza, na tungelijua siku ileile, tungelirekebisha kabla gari halijaondoka. Kosa ukilisema mapema, unamwokoa mwenzako. Ukichelewa, yeye ndiye anayelipia. Bahati mbaya hatukulijua."

Marta alitikisa kichwa. "Mwache mtoto. Yeye naye angejuaje?"

Wakaaga. Juliana akatangulia njiani. Faustina alibaki mlangoni, vidole vikichezea kitasa. Angeweza kuondoka, hakuna ambaye angeuliza tena.

"Mama Marta."

"Naam?"

"Nilijua," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, lakini hakuishusha. "Siku ile ya mbegu, waliposoma namba yako. Nilijua palepale kwamba ni mimi, nikanyamaza. Nilikuona unaondoka, na bado nikanyamaza."