Wakili wa Dada Fareen

Kila Jumanne baada ya shule, Mama alimpeleka Almina kwenye mazoezi ya kuogelea na kumshangilia kutoka kando ya bwawa. Lakini tangu binamu yake, Fareen, ahamie kwao Mississauga, nchini Kanada, Jumanne zikawa za Fareen. Mama alimsindikiza kwa mshauri nasaha, kisha wakarudi kunong'onezana jikoni.

Almina alijua sababu. Bosi wa Fareen alimdhalilisha kijinsia kazini, na kesi ilikuwa mahakamani. Hata hivyo, wivu ulimkaba.

Siku ya mashindano, Mama aliahidi kuhudhuria. Fareen akiwa anaoga, simu yake ililia. Almina akaipokea.

"Ni Esmeralda, wakili. Mwambie Fareen anipigie sasa hivi. Ni jambo la haraka."

"Sawa," Almina alijibu. Kisha akaifuta ile simu kwenye orodha ya simu zilizoingia, asimwambie Fareen.

Jioni, bwawani, alishangaa kumwona Fareen karibu na Mama. Fareen, ambaye siku hizi aliogopa umati!

"Nimekuja kukushangilia," Fareen alimwambia. "Najua nimekuchukulia mama yako."

Almina alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi aingie majini.

"Dada, wakili wako alipiga. Nilificha. Nisamehe."

Fareen alipauka. Akampigia wakili papo hapo. Mama hakugomba, alichukua funguo za gari. Almina akavaa koti juu ya nguo za kuogelea, akawafuata. Zamu yake ilipita bila yeye.

Ofisini, Esmeralda alieleza kwamba mshtakiwa, yule bosi, ameomba mahakama imruhusu kusoma maandishi ya mshauri wa Fareen. Jibu lilitakiwa kufika kesho asubuhi.

"Kwani wakili wa serikali hawezi kumtetea?" Almina aliuliza.

"Yule anaendesha mashtaka kwa niaba ya umma, si wakili wa Fareen. Mimi namsemea Fareen peke yake, ili siri zake zisianikwe."

Walifanya kazi hadi jibu likakamilika. Wiki iliyofuata, jaji alikataa ombi la mshtakiwa. Fareen alimkumbatia Almina, akalia.

"Mama, bado naona wivu kidogo," Almina alikiri walipobaki wawili.

"Kuona wivu si kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kuuacha ukufundishe kudanganya. Ukinihitaji, niambie waziwazi, nitakusikia. Lakini mtu aliyeumizwa akipata wa kumsemea, usimzibie njia."

Almina akavuta pumzi. "Basi nakuhitaji Jumanne hii."

"Nitakuja," Mama akasema.