Kopo la Pili Bwawani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nanyama aliteremka hadi bwawani na kopo la chakula cha samaki. Umande ulimlowesha miguu. Alipofika ukingoni alipiga kopo kwa kucha, ko, ko, ko, nao samaki wake, ngege, wakaja mbio hadi maji yakatokota kama uji jikoni.

"Sasa nyinyi," aliwaambia. "Mmelalaje?"

Hakuwa na mwingine wa kumuuliza hivyo. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na nyanya yake, Kukhu Nabwile, ambaye saa hiyo alikuwa akikama ng'ombe. Baba alifariki Nanyama akiwa mchanga. Mama yake, Viola, alikuwa Bungoma, akiosha sahani katika hoteli ya watu.

Mama hakuenda kwa kupenda. Zamani alikaanga ngege wa ziwani kando ya barabara hapa Kiminini, na harufu ya karai lake ilifika mpaka steji. Kisha makatoni ya samaki wa barafu kutoka Uchina yakaingia Kitale kwa bei ya chini, na wateja wakahama mmoja mmoja bila kuaga. Nchi yenye ziwa ikaanza kula samaki aliyepanda meli. Na mbuta, samaki wetu wakubwa walionona? Hao walikatwa minofu viwandani, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukaachiwa mifupa. Tukaiita mgongo wazi, tukaikaanga, tukalamba vidole. Kukhu Nabwile aliila mifupa hiyo na hajasahau. Ndiyo maana alikata kipande cha shamba lake la mahindi akachimba bwawa. "Tutafuga wetu," alisema.

"Samaki wakikomaa, narudi," mama naye alisema siku ya kuondoka. "Nitauza wa kwetu."

Amri ya Kukhu ilikuwa fupi: kopo moja asubuhi, moja jioni, samaki wakiacha kula, na wewe uache kumwaga. Lakini kopo moja liliisha upesi mno. Samaki walikula, wakazama, maji yakabaki kimya kama ile nyumba kule juu. Basi Nanyama akaongeza la pili. Wakaja tena. Angalau alikuwa na wageni. Tena wakinenepa haraka, si mama atarudi haraka?

Siku zilivyopita, chakula kilianza kubaki. Kililowa, kikazama, kikaoza chini. Maji yakawa mazito, ya kijani, yenye harufu ya yai viza. Kisha samaki wakaanza kumngoja juu ya maji kabla hata hajapiga kopo, wakifumbua na kufumba midomo.

"Kumbe mna njaa," alisema Nanyama kwa furaha, akamimina la tatu.

Hawakuwa na njaa. Walikuwa wakikosa hewa.

Jumamosi alikuta matumbo meupe yakielea bwawa zima. Kopo lilimponyoka. Alitazama chakula kilichooza ukingoni, na hapo hapo akajua.

Kelele za Kukhu zilimleta mjomba Mukhisa kutoka ng'ambo ya barabara. Mukhisa alikuwa mtu wa hasira za karibu.

"Nani ametia sumu humu?" aliuliza. Macho yake yakafuata mfereji ulioleta maji. Kabla ya kufika kwao, mfereji huo ulipita kwenye shamba la nyanya la Wahome, Baba Bilha, jirani ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. "Nanyama, wewe ndiye hushinda hapa. Umeona nini?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini alimwona mama akiinamia sahani za watu Bungoma, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu yake.

"Nilimwona Baba Bilha," alisema. "Alikuwa akiosha pampu ya dawa mferejini."

"Si nilisema?" Mukhisa aliruka. "Hawa watu wa kuja, ukiwapa maji wanakurudishia sumu."

Alitoa simu, na punde vijana wakafika na majembe na mapanga. Wangeziba mfereji kwanza, halafu waone kama hizo nyanya zitabaki zimesimama. Kukhu alishika nguzo ya ua. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

"Mukhisa, rudisha panga nyumbani," alisema. Hakusikilizwa. Akajifunga leso, akawafuata, na Nanyama nyuma yake.

Wahome alikuwa akifunga mashina ya nyanya kwa kamba za katani pamoja na binti yake Bilha, rafiki pekee wa Nanyama darasani.

"Karibuni," alisema Wahome. "Lakini mbona na mapanga, asubuhi yote hii?"

"Usituchezee, bana. Umeua samaki wa mama yangu."

"Ati mimi?"

"Mtoto amekuona."

Wote wakamgeukia Nanyama. Bilha alishika kamba yake akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Nanyama alidhani anaujua upweke: bwawa kimya, nyumba kimya, kitanda cha mama kisicho na blanketi. Kumbe ule ulikuwa mchezo. Huu wa kusimama katikati ya watu wote hawa na uongo wake, huu ndio ulikuwa wenyewe.

Kijana mmoja aliinua panga juu ya mstari wa kwanza wa nyanya.

"Sikumwona," alisema Nanyama.

"Unasema?"

"Nimedanganya. Hakuosha pampu. Ni mimi, mjomba. Niliwapa chakula kupita kiasi, kikaoza." Akaeleza yote, kopo la pili na la tatu, harufu, midomo ile juu ya maji. "Nilitaka wakue haraka, mama arudi."

Panga likateremka polepole. Wahome angeweza kusema mengi, na angekuwa na haki. Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Wote wamekufa?"

"Wengine bado wanahema," alisema Nanyama.

"Sasa tunasimamia nini hapa? Bilha, lete mpira wa maji. Mukhisa, nishikie pampu ya maji, ni nzito."

Walipofika bwawani, pampu ilifyonza maji machafu kutoka chini ya bwawa. Kisha ikavuta maji ya mfereji na kuyarusha hewani yakaanguka kama mvua. Kufikia mchana, karibu nusu ya ngege walikuwa wameshuka tena chini wakiogelea vizuri.

"Baba Bilha," alisema Mukhisa, "nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele yao."

"Nimesikia," alisema Wahome. "Lakini mtoto wangu naye aliona yale mapanga."

Jioni Kukhu alimketisha Nanyama ukingoni.

"Mwaka wa vita vya mashamba nilikimbia na mama yako mgongoni, nyumba inawaka nyuma yetu. Unajua kwetu vilianzaje? Mtu alisema, 'Nimewaona.' Hakuwa ameona kitu. Kosa la kopo ningekusamehe kabla ya chai kupoa. Lakini ungenyamaza kidogo tu, leo tungezika zaidi ya samaki. Na wenye makatoni ya barafu wangeendelea kuuza, maana sisi tukikatana kwa ajili ya mfereji, nani atafuga? Kosa lako liseme likiwa bado dogo. Na samaki hukua kwa siku zake, huwezi kumsukuma." Akamvuta karibu. "Ukiwa mpweke, niambie mimi. Usiwaambie samaki tu."

Nanyama alimpigia mama simu mwenyewe, akamweleza yote. Viola alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi tutangoja, mama. Tutangoja wote."

Jumatatu alimwaga kopo moja. Samaki walikula, wakazama, maji yakatulia. Mkono wake ulitaka kurudi kwenye gunia la chakula. Akaukunja kifuani, akakaa na ukimya ule.

"Wamekula?" sauti iliuliza kutoka ng'ambo ya mfereji. Ilikuwa ya Bilha, begi mgongoni, uso bado haujafunguka.

"Wamekula."

"Basi kavae sare. Tutachelewa."