Farasi Asiyegawanyika

Banda lilikuwa tupu. Kufuli lililokatwa lilikuwa limelala matopeni, na alama za matairi ya trela zilipotelea kwenye lami.

Inspekta Froukje Wiarda alichutama, akatazama, akainuka. Nyuma yake mwenye shamba, Wybren Kootstra, hakutulia.

"Mwizi namjua, Inspekta. Ni Douwe, yule daktari wa mifugo. Kaninyang'anya mke, sasa kaja kumalizia farasi."

"Una ushahidi?"

"Ushahidi gani tena! Wiki ijayo tuko mahakamani kwa talaka, tunagawana mali. Wamekosa subira, basi."

Farasi mwenyewe, Sjoerd, alikuwa dume jeusi la aina ya Friesland, mshindi wa maonyesho. Wybren na mkewe Jildou walimlea tangu yu mtoto. Siku hizi kifua kilimsumbua.

Froukje aliingia bandani. Hatamu ya maonyesho, yenye nakshi za fedha, ilining'inia ukutani, haikuguswa. Lakini kwenye rafu yenye vumbi palikuwa na duara safi.

"Hapa palikaa nini?"

"Dawa yake ya kifua. Nayo wameibeba."

Froukje alimkuta Jildou mjini Sneek, nyumbani kwa Douwe. Aliposikia habari alisimama ghafla, kahawa ikamwagika.

"Dawa yake amepewa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Froukje akamgeukia Douwe.

"Daktari, dawa hiyo unayo hapa?"

Douwe alifungua kabati. Rafu nzima ilijaa chupa.

Hawa wawili wangeiba ya nini chupa iliyokwisha funguliwa? Aliyeibeba ni mtu asiyeweza kuja hapa kuomba nyingine.

"Mama, Bwana Kootstra ana ndugu mwenye banda?"

Jildou alielewa. Uso ukambadilika. "Dada yake Aukje. Kule Workum."

Walikwenda pamoja, Wybren akiitwa naye. Kabla Froukje hajagusa mlango wa banda la Aukje, kikohozi kizito kilisikika ndani. Wybren akaketi juu ya robota la nyasi kavu.

"Ni wakili wako aliyekutuma umfiche?"

"Hapana. Wakili aliniambia nilinde changu kwa njia halali: akaunti yangu niitenge, risiti nizitunze. Hili nimelipika mwenyewe."

"Kwa thamani yake?"

"Thamani!" Alicheka kicheko kikavu. "Niliwaona, Inspekta. Douwe kaja kumpima kifua, Sjoerd akamlazia kichwa begani. Begani! Na Jildou huyu anachekelea. Mke kaenda, nikameza. Na farasi naye? Wivu ulinichoma hadi mifupani."

Jildou alisimama mlangoni.

"Mjinga wewe, Wybren! Sikumdai Sjoerd. Nilimwambia wakili wangu kwamba farasi abaki kwako, maana nilijua bila yeye utakwisha."

Froukje hakuyapenda maneno yaliyombakia, lakini aliyasema.

"Anayeficha mali ya ndoa kwa makusudi hupoteza fungu lake, Bwana Kootstra. Hakimu akisikia haya, Sjoerd atakuwa wa mama huyu peke yake. Na kudanganya polisi ni kesi nyingine."

Wybren hakuuliza habari za kesi. Macho yake yalikuwa kwa mkewe.

"Jildou... Douwe atampanda Sjoerd?"

Jildou alimfungua farasi, akamtoa nje.