Shamimu Hataki Kula

Bata wa jirani walikuwa wananenepa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kila asubuhi Zubeda alimmiminia binti yake kikombe cha uji. Shamimu, mwanafunzi wa darasa la nne, alisema ahsante. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba na kuwamwagia bata uji wote. Alirudi na kikombe kitupu, na mama yake alikiosha bila wasiwasi. Chakula cha jioni nacho alikigusagusa tu, akisema ameshiba shuleni.

Nyumba yao ipo Buza, wilaya ya Temeke. Zamani ilikuwa nyumba ya kelele. Baba yake Shamimu, Twaha, alipakia mizigo bandarini, na hata akipiga mswaki alitaka kuimba. Jioni moja aligongwa na lori akivuka barabara, akafariki.

Zubeda akakaa eda. Kwa desturi yao, mjane aliye edani hatoki nje mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo sokoni, hospitali na shuleni alikwenda wifi yake, Mwanakombo, dada wa marehemu. Hata simu ya nyumba alishika yeye. Mwanakombo alikuwa na moyo mwema na mdomo mwepesi, na akishakata shauri, limekatwa.

Jumatatu moja Shamimu alianguka mstarini. Wanafunzi walikimbia huku na huku wakisema ana pepo. Mwalimu Auleria aliwanyamazisha, akamnyanyua mtoto. Alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi.

Auleria ndiye mwalimu wa malezi wa shule ile. Kazi yake ni kuwasikiliza watoto wenye shida, kuwapa ushauri, na kuzungumza na wazazi wao. Yeye si daktari, na hakujifanya daktari. Alimpeleka Shamimu zahanati kwanza. Malaria haikuonekana. Muuguzi alisema damu imepungua, akatoa dawa, akasisitiza kwamba mtoto huyu lazima ale. Auleria alimnunulia andazi, Shamimu akalisukuma kwa hofu.

Mwanakombo aliitwa shuleni. Aliposikia kwamba anayemwita ni mwalimu wa malezi, uso ulimbadilika. Pale Buza wengi waliamini kwamba mwalimu huyo ni wa watoto wezi na wapigana ngumi.

"Shamimu siyo mtoto wa kesi," alisema. "Sie tunajua kinachomsumbua. Ana jini. Jumamosi nampeleka Mkuranga kwa mganga, atakaa huko mpaka limtoke."

Auleria alimweleza kwamba kwake haitwi mtu wa kesi tu. Huitwa pia mtoto mwenye huzuni, mwenye hofu, au aliyefiwa. Aliomba apewe nafasi ya kuzungumza na Shamimu. Mwanakombo alimruhusu, ila Jumamosi yake haikubadilika.

Mwalimu aliogopa, na alikuwa na sababu. Mtoto aliyedhoofika hivyo, ambaye chakula hakimpiti kooni, akienda kukaa mbali na zahanati anaweza asirudi.

Kesho yake alimwita Shamimu katika chumba kidogo karibu na stoo. Mezani hapakuwa na fimbo. Mwalimu hakumhoji. Alimpa penseli za watoto wa darasa la kwanza, wakaanza kuzichonga pamoja, kimya kimya.

"Utakachoniambia sitakitangaza darasani," alisema baadaye. "Lakini kikiwa cha hatari kwako, itabidi nimwambie mtu wa kukusaidia. Nitakwambia kwanza ni nani."

Shamimu aliendelea kuchonga.

"Ukila, unaogopa kutatokea nini?"

"Mtu mwingine atakufa," alijibu Shamimu.

Ndipo maneno yalipomtoka, kidogo kidogo. Jioni ile ya lori, yeye ndiye aliyemwomba baba chipsi. Baba alitoka kwenda kumnunulia. Kisha msibani akasimama Mzee Kashindye, Mnyamwezi aliyefanya kazi na baba yake. Wanyamwezi na Wazaramo, kabila la Twaha, ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani. Mzee Kashindye alimnyooshea Shamimu kidole. Alisema Twaha hakuuawa na lori, ameuawa na tumbo la binti yake. Jiko lifungwe, asije akawamaliza wote. Watu walicheka. Shangazi Mwanakombo alicheka mpaka akakaa chini.

Utani wa msibani una faida yake. Unamkausha machozi mfiwa, angalau kwa dakika chache. Lakini mtu mzima anajua kwamba ni utani. Mtoto yule nani alimwambia? Hakuna. Yeye alisikia hukumu, na tangu siku ile alijiadhibu kila asubuhi nyuma ya nyumba.

Auleria alijikaza asilie mbele yake. Alimwambia wazi kwamba baba yake aliuawa na lori. Akamwomba ruhusa ya kumweleza mama yake. Shamimu alifikiri sana, kisha akakubali.

Mwalimu alipiga simu mara nyingi. Mwanakombo hakupokea. Jumamosi asubuhi Auleria akaamua kwenda mwenyewe Buza. Alikuta bajaji imeshasimama mlangoni na begi la Shamimu limeshapakiwa. Shamimu alikuwa ameketi ndani ya bajaji, midomo imemkauka.

"Mwalimu, hapa si shuleni," Mwanakombo alimwambia. "Na mama yake yumo edani, haonani na wageni."

"Mie ni mwanamke, dada. Naomba nimwone kidogo tu."

Mwanakombo alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. Dereva aliwasha bajaji. Auleria hakuondoka.

Sauti ya Zubeda ikatoka ndani. "Wifi, mwache aingie. Na mwanangu mlete hapa."

Tangu mumewe afariki, Zubeda hakuwahi kumpinga wifi yake. Mwanakombo aliduwaa, akapisha njia.

Ndani, Auleria aliwaeleza wote wawili, huku Shamimu akiwa amejificha kwenye mapaja ya mama yake. Mwanakombo alibisha kwamba utani haujawahi kumla mtu. Mwalimu akamuuliza ni nani aliyemweleza mtoto kwamba yale yalikuwa mzaha.  Mwanakombo alikumbuka kicheko chake mwenyewe, na aibu ikamjaa.

"Lakini mimi ndiye niliyemtuma," Shamimu alisema kwa sauti ndogo.

Zubeda alimshika uso. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Uliomba chakula, mwanangu. Kila mtoto anaomba. Baba alikwenda kwa sababu anakupenda. Aliyemgonga ni dereva wa lori. Siyo wewe, wala siyo tumbo lako. Nisamehe, nilidhani mtoto hajui kitu, nikakaa kimya."

Bajaji iliondoka bila abiria. Mwanakombo alimpigia Mzee Kashindye simu, akamwambia aje na asije na utani wake. Mzee hakuingia ndani, kwa heshima ya eda. Alisimama barazani, kofia mkononi, Shamimu akatolewa nje.

"Mjukuu wangu, nilisema uongo ili watu wacheke," alisema. "Sikujua kwamba unanisikiliza. Twaha alikuwa ndugu yangu. Angesikia nimekunyima chakula, asingenisamehe."

"Na nikila?"

"Ukila unakua. Basi."

Msidhani mtoto alikula siku ileile. Hofu haitoki kama vumbi. Siku ya kwanza alikunywa vijiko vichache vya uji, kisha akamkodolea macho mama yake, akingoja aone kama atakufa. Mama hakufa. Mwalimu Auleria aliendelea kukaa naye kila wiki, wakichonga penseli na kuzungumza juu ya baba. Zahanati walirudi kupima damu, ikawa inapanda. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyempeleka. Siku nyingine jirani alipolalamika kwamba mwanawe analia usiku, Mwanakombo alimwambia ampeleke kwa mwalimu wa malezi, na aache kuogopa kesi.

Muhula ulipokaribia kwisha, siku moja mchana, Mwanakombo alipakua wali na maharage. Walikula wote watatu mkekani. Hakuna aliyemwangalia Shamimu, maana mwalimu aliwaonya wasimhesabie matonge. Sahani ya mtoto ikabaki tupu. Akaisogeza mbele.

"Shangazi, niongezee."

 Mwanakombo alichukua upawa, akapakua.